Bledi, mtego au aura? Kutafuta kwa nini pigo lako halipandi kwenye Wizard101

Malalamiko ya wachezaji wa Wizard101, mchezo wa mtandaoni wa wachawi wanaopigana kwa kadi na kwa zamu, huwa yale yale. Mchezaji amemaliza Wizard City, ulimwengu wa kwanza, bila shida, ameingia Krokotopia, ulimwengu wa pili, maadui wana uhai mwingi kuliko wale aliowazoea, na kadi zake za kuongeza nguvu zinaanza kuonekana kama mapambo. Anaweka bledi, anaweka mtego, anapiga, na adui bado kasimama. Akiuliza wenzake anaambiwa aongeze bledi. Anaongeza, pambano linazidi kurefuka, na mwishowe anakufa yeye, na bledi nne zimebaki juu yake bila kutumika.

Mara nyingi kadi hazina kosa. Ama iliyochaguliwa si ya pigo lile, ama imewekwa kwa mpangilio usiofaa, ama imeliwa na kitu kingine kabla pigo halijafika. Na kila kadi ya kuongeza nguvu ina bei ambayo haijaandikwa popote juu yake: raundi nzima uliyokaa bila kupiga. Ukiishika bei hiyo kichwani, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini utayatatua mwenyewe.

Mchezo huu wa kampuni ya KingsIsle Entertainment ya Marekani ulitoka mwaka 2008, na namba za kadi zimerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Kwa hiyo asilimia ninazotaja zilinganishe na zilizo kwenye kadi yako. Zikitofautiana, fuata kadi.

Kwanza ujue kila nyongeza inakaa wapi

Bledi inakaa juu ya mpigaji. Fireblade inaongeza 35% kwa pigo lijalo la Fire (moja ya shule za uchawi, kama Storm, Ice na Death), Stormblade 30%, Iceblade 40%, Deathblade 40%. Balanceblade ni 25% tu, lakini inakubali shule yoyote. Bledi hizi za kawaida hazili pipu (alama za nguvu unazolipia kadi) hata moja. Inayotumika ni raundi.

Mtego unakaa juu ya adui na kungoja pigo la shule yake. Mashuhuri kuliko yote ni Feint ya shule ya Death: inaweka 70% juu ya adui kwa pigo la shule yoyote, na inakuachia mtego wa 30% juu yako wewe. Inagharimu pipu 1.

Kadi ya uwanja inabadilisha uwanja mzima wa pambano. Wyldfire inaongeza 25% kwa Fire, Darkwind 25% kwa Storm, Balefrost 25% kwa Ice. Aura inamzunguka mchawi kwa raundi nne kisha inazimika. Amplify, kwa mfano, inaongeza 15% kwa mapigo yote unayotoa.

Halafu kuna kadi za shule ya Sun, zilizokuja na ulimwengu wa Celestia mwaka 2010. Hizi unazibandika juu ya kadi nyingine ukiwa bado unachagua, kabla raundi haijaanza. Strong inaongeza 100 kwenye pigo, Giant 125, Monstrous 175, Gargantuan 225, Colossal 275, Epic 300. Tofauti yao na hizo nyingine zote ni kubwa mno na nitairudia: hazili raundi.

"Nimeweka bledi mbili, imetumika moja"

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na sababu yake ni moja. Bledi mbili zinazofanana kabisa, jina lile lile na asilimia ile ile kutoka chanzo kile kile, hazitumiki pamoja kwenye pigo moja. Ukiweka Fireblade, kisha Fireblade nyingine kama hiyo, utaziona zote mbili juu yako, lakini pigo la kwanza litachukua moja na ya pili itangoja pigo la pili. Haijapotea. Imepanga foleni.

Ili ziingie pamoja lazima zitofautiane. Njia rahisi ni kuinoa mojawapo kwa kadi ya Sharpened Blade, inayoongeza 10%. Fireblade ya kawaida (35%) na Fireblade iliyonolewa (45%) ni vitu viwili mbele ya mchezo, na pigo moja litazichukua zote. Vivyo hivyo kwa bledi inayotoka kwenye mavazi, inayotoka kwa mnyama wako, au ya Kadi ya Hazina (kadi ya kutumika mara moja tu). Mchawi wa Balance akikuwekea Elemental Blade, nayo inaingia pamoja na Fireblade yako kwa sababu jina ni jingine. Kwa mitego kanuni haibadiliki. Kadi ya kuinoa inaitwa Potent Trap, nayo ni 10%.

Kinachofanya jambo hili listahili kujifunza vizuri ni hesabu yenyewe. Asilimia hazijumlishwi, zinazidishana. Chukua pigo la Fire la 300. Fireblade ya kawaida inalifikisha 405. Juu yake weka iliyonolewa ya 45%, unapata kama 587. Ongeza Feint, unafika 998. Mtu anayejumlisha kichwani 35 na 45 na 70 atatarajia 750 na atashangaa kuona karibu elfu moja. Ndiyo maana nyongeza tatu ndogo zinazotofautiana mara nyingi hushinda nyongeza moja kubwa, na ndiyo maana bledi tatu zinazofanana ni hasara tupu kwa mtu anayetaka kumaliza kwa pigo moja.

"Nikiweka bledi pambano linachukua muda mrefu kuliko nisipoweka"

Inawezekana kabisa, na dalili hii huwa naichukulia kwa uzito kuliko zote kwa sababu ndiyo inayofundisha watu kuchagua.

Angalia Fire Cat. Ni kadi ya pipu 1 inayopiga takriban 100. Kila raundi unapata walau pipu 1, kwa hiyo unaweza kuipiga kila raundi. Raundi mbili za Fire Cat ni 200. Raundi moja ya bledi na moja ya Fire Cat ni 135. Bledi imekupotezea 65, na adui amepata nafasi ya kukupiga mara moja zaidi bure.

Sasa angalia Sunbird, kadi ya pipu 3 inayopiga karibu 300. Mwanzoni mwa mchezo, kabla ya leveli 10 ambako Power Pip (pipu moja yenye thamani ya mbili kwa kadi za shule yako) zinaanza kuja, utangoja pipu hizo upende usipende. Raundi za kungoja zipo tayari. Bledi haili pipu. Hapo unaiweka bila kupoteza chochote, na 300 inakuwa 405.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kugusa kadi ni hili: raundi hii ningeweza kupiga pigo la maana? Kama pipu hazitoshi, weka nyongeza. Kama zinatosha na pigo lililopo linamaliza adui, piga. Kama zinatosha lakini pigo halimalizi, fanya hesabu ya uhai.

Hesabu ya uhai haihitaji kikokotoo. Adui ana 900, pigo lako ni 300, unahitaji mara tatu. Fireblade, Fireblade iliyonolewa na Feint zinakupa mara 3.3 hivi, na zinakula raundi tatu. Sasa bandika Strong juu ya kadi ya pigo. Ile 100 inaingia kwenye msingi kabla ya kuzidishwa, kwa hiyo unaanza na 400. Kwa Fireblade ya kawaida na Feint peke yake unapata 918. Adui amekwisha na raundi moja imebaki mfukoni. Wachezaji wengi hubandika kadi ya Sun mwishoni kama kitu cha ziada, ilhali ndiyo ya kwanza kufikiriwa, kwa sababu haikuombi raundi na kila bledi inayokuja juu yake inaikuza nayo.

Mavazi nayo yanafanya kazi bila kula raundi. Kofia, joho na viatu vyenye asilimia ya madhara ya shule yako vinazidisha pigo kila mara, bila kadi yoyote. Mtu anayebeba bledi sita kwenye seti yake ya kadi huku amevaa joho alilookota leveli 12 ashughulikie joho kwanza.

"Bledi zilikuwepo, nilipopiga hazikuwepo"

Hapa kuna washukiwa kadhaa. Wa kwanza ni wewe mwenyewe, na fimbo yako. Fimbo inatoa kadi za mapigo madogo yasiyokula pipu. Kama fimbo yako ni ya Fire na wewe ni wa Fire, kale kapigo kadogo ulikopiga ili kumaliza adui mwenye uhai kiduchu kamebeba Fireblade zote zinazotofautiana na kuondoka nazo. Mchezo hauulizi kama pigo ni kubwa au dogo. Unauliza shule tu.

Dawa yake ni rahisi na ina faida ya pili: beba fimbo ya shule nyingine. Mchawi wa Fire mwenye fimbo ya Storm anaweza kumaliza adui dhaifu kwa fimbo huku Fireblade zimetulia zikingoja pigo kubwa la Fire, Meteor Strike. Ila Balanceblade itaondoka, maana hiyo haichagui shule. Feint iliyo juu ya adui uliyempiga itaondoka pia.

Mshukiwa wa pili ni adui. Maadui wa Myth wana Earthquake, inayowapiga wote upande wako na kufagia bledi, ngao na kila kitu kizuri kilicho juu yenu. Ukimwona adui wa Myth anakusanya pipu, kukaa na bledi nne juu yako ni kumwekea akiba. Punguza. Weka mbili, piga, anza upya, au mwondoe huyo kwanza kabla ya wengine. Wapo pia maadui wenye kadi za kuiba au kufuta bledi moja moja. Kwao bledi yako bora usiiweke mapema.

Wa tatu ni bosi anayevunja kanuni. Baadhi ya mabosi hufanya mambo nje ya zamu yao: ukiweka bledi wanaifuta papo hapo, ukiweka mtego wanauondoa, au wanakuadhibu kwa pigo. Usipambane naye kwa kukariri. Pambano la kwanza na bosi mgeni weka bledi moja, tazama. Raundi inayofuata weka mtego mmoja, tazama. Kile alichokiacha ndicho utakachotumia. Bosi anayefuta bledi mara nyingi anaachia mitego, na hapo Feint unayoiona haikufai siku nyingine inageuka kuwa tegemeo.

Jambo moja la kukutuliza: uchawi ukikwama (ukishindwa kutoka), bledi haziondoki. Pipu pia zinabaki. Umepoteza raundi tu.

"Mtego wangu kaula mwingine"

Mtego hauna mwenyewe. Umeuweka juu ya adui, na pigo lolote la shule husika litaufungua, liwe lako, la mwenzako, au la kibaraka (kiumbe msaidizi) uliyemwita mwenyewe. Wachawi wawili wa Fire kwenye pambano moja wasipopatana, wa kwanza kupiga anaondoka na mitego ya wote wawili. Feint ndiyo inayoliwa zaidi kwa sababu inakubali shule zote. Unaiweka, kibaraka wako anatangulia na kakofi ka 60, na ile 70% imekwisha.

Hii ndiyo sababu nawaambia wanaocheza na kibaraka watumie bledi na waache mitego, isipokuwa mtego wa shule ambayo kibaraka hapigi nayo. Bledi iliyo juu yako haiwezi kuguswa na pigo la mwingine.

Kwenye kundi la watu wanne mpangilio wa nafasi una kazi kubwa. Upande mmoja hucheza kwa zamu kuanzia nafasi ya kwanza hadi ya nne. Mpigaji akikaa nafasi ya mwisho, wenzake watatu wanaweza kumwekea bledi tatu tofauti raundi ile ile, naye akapiga raundi hiyo hiyo zikiwa bado mbichi. Akikaa ya kwanza, bledi zao zinamfikia akiwa ameshapiga na itabidi angoje raundi nzima, ambamo adui anaweza kuzifuta. Kundi moja, kadi zile zile, tofauti ni nani aliingia kwanza kwenye duara. Mkubaliane kabla: nani anapiga, nani anaweka. Chati ya mchezo iliyochujwa hugeuza maneno isiyoyatambua kuwa nukta, kwa hiyo Kiswahili chenu usikitegemee humo. Mpange WhatsApp kabla hamjaingia. Ndani ya pambano una sekunde 30 za kuchagua, na kama intaneti inasuasua ni chache kuliko hizo.

"Mmoja kafa, watatu wako wima"

Umetumia mitego kwenye pigo la wote. Meteor Strike, Blizzard na Tempest hupiga maadui wote kwa pamoja. Bledi yako inamfikia kila mmoja wao, yaani 35% mara nne. Mtego unamhusu yule tu uliyemwekea. Kwa pigo la wote, bledi moja ina thamani ya mitego minne, na ukihesabu raundi tofauti inatisha.

Kadi ya uwanja nayo inamfikia kila mmoja, ndiyo maana Wyldfire na Meteor Strike ni marafiki wa zamani. Hali ikiwa ni bosi na vibaraka wake, ninachokipenda ni bledi kwa ajili ya wote na Feint moja kwa bosi pekee. Pigo likipita, vibaraka wanaanguka kwa bledi na bosi anabeba 70% ya ziada. Usimwekee Feint kibaraka ambaye bledi peke yake inammaliza.

Feint usiitumie ovyo ukiwa peke yako. Ile 30% iliyobaki juu yako inangoja pigo la adui. Ukiweka Feint tatu kwa raundi tatu bila kupiga, unamjengea bosi pigo lake. Iweke karibu na kupiga, ikiwezekana raundi inayotangulia pigo.

"Kila kitu kiko sawa na namba bado ni ndogo"

Hapa tafuta kinachopunguza. Kwanza angalia juu yako: kuna Weakness? Hiyo ni 25% pungufu kwa pigo lako lijalo, na kwa kuwa kila kitu kinazidishana, inakata robo ya pigo zima ulilolijenga kwa raundi nne. Kisha angalia adui: kuna ngao? Tower Shield inakata 50% ya pigo la shule yoyote.

Zote mbili zinaondoka kwa fimbo ya shule nyingine niliyoitaja. Wewe ni Fire, una Fireblade mbili na Weakness, adui ana Tower Shield. Piga kapigo ka fimbo ya Storm. Weakness imetumika, Tower Shield imevunjika, Fireblade hazijaguswa. Raundi inayofuata pigo kubwa linapita wazi. Nikishauri mtu kununua kitu kimoja tu sokoni, huwa ni fimbo ya shule isiyo yake. Angalia tu kwanza kama adui hana Feint yako juu yake, maana itaondoka na hako kapigo.

Kama hakuna Weakness wala ngao, adui huenda ni wa shule yako. Maadui wa Ice hupinga Ice, wa Fire hupinga Fire, na hakuna wingi wa bledi unaofidia vizuri. Hapa kadi sahihi ni prizimu. Ice Prism inageuza pigo la Ice kuwa la Fire likimfikia adui, na adui wa Ice anaumizwa zaidi na Fire. Jozi nyingine ni Storm na Myth, Life na Death. Balance haimo kwenye jozi hizi.

Prizimu ina shida yake, na wengi huangukia hapo. Vitu vilivyo juu ya adui vinasomwa kuanzia kilichowekwa mwisho kurudi nyuma. Mchawi wa Ice akiweka mtego wa Ice kwanza, kisha prizimu, pigo lake linakutana na prizimu kabla, linageuka Fire, na mtego wa Ice hauoni pigo la Ice. Unabaki pale pale bila kufunguka. Aweke prizimu kwanza, mitego ya Ice baadaye. Feint haina tatizo hili kwa sababu inakubali shule yoyote, iwe kabla ya kugeuka au baada. Bledi pia haziathiriki, kwa kuwa zinasomwa kwako pigo likiwa bado ni Ice.

Aura na uwanja: lini hazifai

Aura moja tu kwa wakati mmoja. Ukiweka ya pili, ya kwanza inaondoka. Na raundi nne ni chache: ukiweka Amplify raundi ya kwanza halafu ukatumia raundi nne kujenga bledi, aura imezimika pigo likiwa njiani. Aura inamfaa anayepiga mfululizo, au inakuwa kadi ya mwisho kabla ya pigo. Kama una nafasi ya nyongeza moja pekee kwa pigo moja, bledi ya 35% inaishinda aura ya 15% bila mjadala. Ukipiga raundi tatu mfululizo, aura inaanza kulipa, kwa sababu haiondoki na pigo la kwanza.

Kadi ya uwanja nayo ni moja kwa uwanja mzima, na haina upande. Wyldfire yako inawapa na maadui wa Fire 25% yao. Dhidi ya maadui wa Fire huna sababu ya kuiweka. Maadui wa Storm nao wana Darkwind, na wakiiweka inafuta ya kwako. Ukiona uwanja umebadilika rangi, rudia hesabu kabla ya kupiga; ile 25% uliyoitegemea haipo tena.

"Kadi ninayoitaka haiji"

Seti yako ni nene mno. Mkononi zinakaa kadi saba. Mwenye seti ya kadi thelathini zenye bledi nane, mitego nane, ngao, tiba na mapigo ya kila aina, anaomba bahati kila raundi. Kwa mapambano ya kawaida ya mitaani seti ya kadi kumi hivi inatosha: mapigo makubwa mawili au matatu, bledi mbili zinazotofautiana, kadi ya kunoa, kadi ya Sun, tiba moja. Karibu zote utaziona raundi ya kwanza au ya pili.

Kadi usiyoihitaji itupe kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya, nafasi yake itajazwa raundi ijayo. Ukihitaji kitu sasa hivi, Kadi za Hazina zilizo pembeni unaweza kuzichota raundi hiyo hiyo baada ya kutupa. Ndiyo maana napendelea kuweka pembeni vitu vya dharura, kama ngao au bledi ya toleo la Hazina, na kuacha seti kuu iwe nyembamba. Kumbuka Kadi ya Hazina ikitumika imekwenda, haizaliwi upya pambano lijalo.

"Uchawi unakwama kila mara"

Kila shule ina uhakika wake, yaani uwezekano wa uchawi kutoka bila kukwama: Storm 70%, Fire 75%, Ice na Myth 80%, Death na Balance 85%, Life 90%. Mchawi wa Storm atakwama karibu mara tatu katika kila kumi, na hilo si kosa lake. Tiba ya kudumu ni mavazi yanayoongeza uhakika. Tiba ya kadi ni za Sun: Keen Eyes 10%, Accuracy 15%, Sniper 20%, Unstoppable 25%.

Lakini kadi moja inakubali kubandikwa mara moja tu. Ukiweka Sniper kwenye pigo, huwezi kuweka na Colossal. Chagua kwa kuangalia kitakachotokea ukikwama. Bosi amebakiza uhai kidogo na wewe unakufa raundi ijayo? Weka uhakika. Una uhai wa kutosha na kukwama kunakugharimu raundi moja tu? Weka nguvu. Kwa Storm wa leveli za chini, naegemea uhakika kwenye pigo lililobeba bledi tatu, na nguvu kwenye mapigo mengine yote.

Ukitaka Feint na wewe si wa Death

Inawezekana kwa Training Points (alama za kujifunzia kadi), lakini lazima ujifunze kwanza kadi za Death zilizo chini yake, kwa hiyo bei halisi ni alama kadhaa na si moja. Kwa mchawi wa Fire, Storm au Myth anayepiga bosi mmoja mmoja, naona inalipa. Anayecheza karibu kila siku kwa mapigo ya wote kwenye kundi la watu, alama hizo azipeleke kwingine. Bledi za wenzake zitamtosha.

Usizitumie alama kwa haraka, hasa kabla hujajua unapenda kupiga vipi. Kuzirudisha kuna mtu mmoja, Mr. Lincoln pale Golem Court, naye anataka Crowns (sarafu ya mchezo inayonunuliwa kwa pesa halisi), na bei yake inapanda kadiri leveli yako inavyopanda. Ukishagundua umekosea leveli ya 20, mwendee ukiwa bado leveli ya 20.